Kupanda Mlima Eburru Hadi Kilele cha Kutazama Maziwa: Mwongozo Kamili kwa Msafiri wa Nakuru na Kisumu

Mlima Eburru uko katika Kaunti ya Nakuru, kati ya Ziwa Naivasha lililo upande wa kusini-mashariki na Ziwa Elementaita lililo upande wa kaskazini. Kilele chake kinapita mita 2,800 juu ya usawa wa bahari, ilhali uso wa Ziwa Naivasha uko karibu na mita 1,890, kwa hiyo anayesimama juu huyatazama maji yaliyo zaidi ya mita 900 chini yake. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo humalizwa na gari, kwa kuwa kijiji cha Eburru chenyewe kimejengwa mlimani. Sehemu inayobaki ndiyo yenye msitu mnene na mwinuko mkali, na ndiyo itakayoshughulikiwa kwa kirefu hapa.

Wakazi wengi wa Nakuru wanaopenda milima wamekwisha kupanda Longonot, ambako njia iko wazi, jua linakuandama tangu langoni na mandhari yanaonekana kila ukigeuka. Eburru ni kazi ya namna nyingine. Unatembea kivulini, juu ya mizizi na majani yaliyooza, na huoni ziwa lolote mpaka utakapofika mahali ambapo miti inaachana. Ndiyo maana safari hii huamuliwa na saa kuliko nguvu za miguu: mandhari ya juu ni ya asubuhi, na msitu huingia giza mapema kuliko bonde. Mtu mwenye afya ya kawaida aliyeanza saa moja asubuhi ataona maziwa na kurudi salama. Mwanamichezo hodari aliyeanza saa tano huenda akafika kileleni akute ukungu mtupu.

Kuchagua majira na siku

Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, lakini ukanda wa Nakuru una tabia yake, kwani Agosti nayo huwa na mvua nyingi. Katika majira hayo udongo wa Eburru, ambao kwa sehemu kubwa ni majivu ya volkeno yaliyochanganyika na mboji, hulainika na kuteleza, na barabara ya kupandia kijijini huwatesa hata madereva wazoefu. Januari na Februari njia huwa kavu na imara. Hata hivyo, vumbi la bonde na moshi wa mashamba hutanda hewani kiasi cha kuyafanya maziwa yaonekane kama vivuli tu. Kwa maoni yangu, wakati mzuri zaidi ni juma la kwanza au la pili baada ya mvua kukatika, yaani mapema Januari au katikati ya Juni, wakati njia imeanza kukauka na hewa ingali safi.

Ndani ya majira yoyote utakayochagua, itazame pia siku yenyewe. Ikiwa alasiri ya jana ilinyesha na usiku ukawa mtulivu, hewa ya asubuhi huwa imeoshwa, na hiyo ndiyo asubuhi ya kupanda. Kadiri jua linavyopasha bonde, hewa yenye joto hupanda kando ya kuta za Bonde la Ufa, ikapoa na kugeuka mawingu yanayokaa juu ya vilele kuanzia karibu na adhuhuri. Ratiba nzima iliyo hapa chini imepangwa kulikwepa wingu hilo.

Ruhusa na mwongoza njia

Msitu wa Eburru ni hifadhi ya serikali chini ya Shirika la Misitu la Kenya (KFS), na ni sehemu ya msitu mkubwa wa Mau. Umezungushiwa ua wa umeme wa kilomita 43 hivi, uliokamilika mwaka 2014 kwa ushirikiano wa shirika la Rhino Ark, KFS na Shirika la Wanyamapori (KWS), kwa lengo la kuwazuia wanyama wasiingie mashambani na kuwazuia watu wasikate miti ovyo. Humo ndani wangali wanaishi bongo wa milimani, swala mwekundu mwenye mistari myeupe ambaye waliosalia porini duniani kote wako Kenya pekee na ni wachache mno. Kwa sababu hizo zote, hakuna kupenya ua kwa njia ya panya. Unaingia kwa lango, unaandikishwa, unalipa ada, na unaongozana na mtu anayeujua msitu.

Anza kwa kuwasiliana na kituo cha msitu cha Eburru siku kadhaa kabla ya safari, wala usisubiri kufika langoni. Ada za serikali hulipwa kwa njia ya eCitizen. Hifadhi risiti kwenye simu kama picha, kwa maana mtandao wa mlimani haukawii kukukatikia wakati unapouhitaji. Waongoza njia kwa kawaida hutoka katika vyama vya jamii vya kuhifadhi msitu, ambavyo sheria ya misitu ya mwaka 2016 inavitambua, na kuwatumia ni haki yao kama ilivyo usalama wako. Wengi wao wamekulia pembezoni mwa msitu, na baadhi ni wa jamii ya Ogiek, ambao wamekuwa wakirina asali katika Mau tangu enzi za mababu.

Mazungumzo na mwongoza njia yanastahili muda. Ukimkuta mtu mzima, msalimu na kumwita mzee, umwulize habari za nyumbani na za mvua, kisha ndipo uingie katika shughuli. Ulizia ni njia ipi iliyo wazi juma hili, ni lini mara ya mwisho yeye mwenyewe aliipita, na nyati wanalisha upande gani siku hizi. Ulizia kupanda huchukua saa ngapi kwa mtu mzito wa kutembea, wala si kwa kasi yake yeye, kwa sababu mwenyeji huipanda njia hiyo akiwa na mzigo wa kuni bila kutweta. Bei nayo muiafiki kabla ya hatua ya kwanza: je, ni ya kundi zima au ya kila kichwa, na je, inamjumuisha askari wa msitu mwenye bunduki kama atahitajika? Mabishano yote ya jioni langoni ambayo mtu husimuliwa huwa yameanzia asubuhi, kwa swali ambalo halikuulizwa.

Kuutayarisha mwili

Anayetoka Nakuru mjini amekwisha kuzoea mwinuko wa mita 1,850 au zaidi, na kwake Eburru ni nyongeza ya wastani. Anayetoka Kisumu ana hesabu nyingine. Kisumu iko mita 1,140 hivi juu ya bahari. Ukipanda mita 1,650 zaidi, kila pumzi unayovuta huwa na oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano, na joto hushuka kwa takriban digrii 10. Haitoshi kumlaza mtu mwenye afya, lakini inatosha kumfanya ashangae kwa nini mapigo ya moyo yako mbio ilhali hata nusu ya njia hajafika. Dawa yake ni kulala angalau usiku mmoja Nakuru, Gilgil au Naivasha kabla ya kupanda, kunywa maji ya kutosha tangu jioni hiyo, na kuipanda robo ya kwanza ya njia polepole kuliko unavyoona kuna haja.

Mazoezi yaanze mwezi mmoja kabla. Kisumu ina vilima vya Riat, ambavyo barabara yake ya kuelekea Kakamega inapanda kwa ukali unaofaa kabisa. Nakuru ina mteremko wa Menengai, ambako unaweza kutoka mjini kwa miguu hadi ukingoni mwa kreta, mita 2,278, na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Panda mara mbili kwa juma, na katika majuma mawili ya mwisho beba mfuko wenye uzito uleule utakaokwenda nao. Usisahau kufanya mazoezi ya kushuka. Misuli ya mapaja hufanya kazi tofauti mtu anapojizuia kuteremka, na ile misuli isiyozoezwa ndiyo inayotetemeka saa nane mchana.

Mwenye pumu, shinikizo la damu au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza, na mwenye dawa zake azibebe mfukoni mwake mwenyewe, si katika mfuko wa mwenzake aliyetangulia.

Mavazi na mzigo

Viatu vitangulie. Vinahitaji nyayo zenye meno ya kina kwa ajili ya tope, shingo inayokishika kifundo cha mguu, na nafasi ya upana wa kidole gumba kati ya kidole kirefu cha mguu na ncha ya kiatu ukiwa umesimama mteremkoni. Kiatu kipya kisivaliwe mara ya kwanza siku ya kupanda. Kamba nazo zina ufundi wake: wakati wa kupanda zilegeze kidogo juu ya kifundo ili mguu ujikunje vizuri, na kabla ya kushuka zikaze sana hapo hapo, ukigonga kisigino nyuma kwanza, ili vidole visisukumwe mbele. Raba za mjini zenye nyayo laini hupita katika siku kavu kabisa, lakini sizipendekezi.

Vaa suruali ndefu na shati la mikono mirefu hata kama kuna joto, kwa sababu ya thabai, ile mimea ya kuwasha inayopenda kingo za njia mahali penye unyevu. Thabai hukugusa pale ulipojiachia: kifundo cha mkono kati ya mkono wa shati na glavu, au ubavu ulipoinama kupita chini ya gogo. Ngozi huvimba vidoto vyeupe na kuchoma kwa muda, kisha hupoa. Kusugua huongeza tu. Glavu nyepesi za kufanyia kazi shambani zinafaa, na zitakufaa pia unaposhika mizizi na mashina kujivuta. Nguo ya pamba iliyolowa jasho huganda mwilini upepo wa juu unapoanza, kwa hiyo nguo ya ndani iwe ya kitambaa kinachokauka upesi, juu yake sweta, na koti la mvua liwe ndani ya mfuko hata mbingu ikiwa nyeupe.

Maji ni suala la uzito zaidi ya mengine yote. Eburru ni mlima mkavu juu ya ardhi, hauna mito ya kutegemea njiani, kwa hiyo kila tone utakalokunywa utalibeba mgongoni: lita 3 kwa kila mtu mzima zinatosha siku ya kawaida, ukihesabu nusu lita kwa kila saa ya kutembea. Yawe katika chupa ya kudumu, kwa kuwa tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga zinazohifadhiwa nchini Kenya, na chupa ile ya dukani inaweza kuachwa langoni. Chakula kiwe kile ambacho tumbo lako linakijua: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, chapati, ndizi, njugu karanga. Ongeza tochi ya kichwani yenye betri mpya, filimbi, bendeji ya kunyumbulika, plasta, dawa ya maumivu, na simu iliyochajiwa yenye ramani iliyopakuliwa tayari. Fimbo nzuri ya kutembelea unaweza kuipata kwa mwongoza njia. Usikate mti kuitafuta.

Kufika Eburru

Kutoka Kisumu hadi Nakuru ni kilomita 180 hivi kupitia Kericho, na safari hiyo ifanywe siku iliyotangulia. Kutoka Nakuru unafuata barabara kuu ya Nairobi. Unaweza kuiacha Gilgil na kupanda kwa barabara ya vumbi, au kuendelea hadi Naivasha, kilomita 70 kutoka Nakuru, kisha kuzunguka upande wa kaskazini wa ziwa na kupandia huko. Matatu za Gilgil na Naivasha hazikosekani tangu alfajiri. Sehemu ya mwisho ndiyo yenye mashaka, na mara nyingi humalizwa kwa bodaboda au gari la kukodi. Afadhali upatane na dereva mmoja kwa siku nzima, akusubiri au arudi saa mliyokubaliana. Gari dogo hupanda wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua linahitajika gari lililoinuka linalovuta kwa magurudumu yote manne, pamoja na dereva asiyeona aibu kuliacha njiani na kuwaambia abiria watembee.

Kijijini utaona mvuke ukitoka ardhini. Eburru ni volkeno ambayo bado ina joto tumboni, na kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen ina mtambo mdogo wa umeme wa mvuke hapo tangu mwaka 2012, wa megawati 2 na nusu hivi. Kinachonivutia mimi zaidi ni ufundi wa wenyeji: huweka bomba juu ya tundu la mvuke, mvuke ukasafiri ndani yake mpaka ukutane na hewa baridi ya mlimani, ukageuka matone, na matone yakakusanywa katika tangi kwa matumizi ya nyumbani. Ukikaa kando ya bomba la namna hiyo asubuhi na mapema utasikia maji yakidondoka, polepole, mahali ambapo hakuna kisima wala mto. Tazama, uliza, lakini usikanyage udongo mwekundu usioota kitu karibu na matundu hayo, kwani gamba lake huwa jembamba na chini yake kuna joto la kuunguza.

Kupanda, hatua kwa hatua

Saa moja asubuhi uwe langoni, umekwisha kunywa chai na kwenda haja. Hakikisha majina ya wote yameandikwa kitabuni pamoja na saa mnayotarajia kurudi. Kabla ya kuanza, kubalianeni hadharani juu ya saa ya kugeuka, yaani saa ambayo mtaanza kurudi hata kama kilele kinaonekana pale mbele. Hesabu yake si ngumu. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, lakini chini ya miti mikubwa giza huanza nusu saa mapema, na ni busara kuwa nje ya msitu saa kumi. Ikiwa mwongoza njia anasema kushuka ni saa mbili na nusu, ongeza saa moja ya akiba kwa ajili ya kifundo kilichoteguka au mvua ya ghafla, na jawabu ni saa sita na nusu mchana.

Kukadiria muda wa kupanda kuna kanuni ya zamani iliyowekwa na William Naismith wa Uskoti mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo njia ya kilomita 5 inayopanda mita 500 ingechukua karibu saa moja na dakika 50. Naismith hakuwa akifikiria mizizi ya Mau wala tope la majivu, na mimi huongeza nusu ya muda huo. Kwa kundi lenye watoto au wageni wa milima, ongeza muda wote maradufu.

Sehemu ya kwanza hupita katika vichaka vya leleshwa, yenye majani ya kijivujivu yanayonukia ukiyafikicha, kisha miti inakua mirefu na hewa inapoa. Hapa ndipo watu huharibu siku yao kwa kwenda mbio, kwa sababu miguu ingali mipya na njia haijawa kali. Mwendo unaofaa ni ule unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi katikati. Mwenda polepole zaidi atangulie nyuma ya mwongoza njia, na mwenye nguvu afunge mkia. Ukifanya kinyume, yule mnyonge hufika mapumzikoni wakati wenzake wamekwisha kupumzika na wanasimama kuondoka.

Mwinuko unapokuwa mkali, fupisha hatua. Weka unyayo mzima chini badala ya vidole peke yake, nyoosha goti la nyuma kabisa kabla ya kuuinua mguu wa mbele, na uache uzito ukae juu ya mfupa kwa kitambo kidogo katika kila hatua. Unaonekana kama mzee anayepanda ngazi, na ndivyo inavyotakiwa. Mahali penye mizizi iliyolowa usikanyage juu ya mzizi, bali kati ya mzizi na mzizi. Mzizi uliovuliwa gome na nyayo za watu huteleza kuliko tope lenyewe. Unapojivuta kwa shina, lisukume kwanza kupima, kwa maana shina lililooza ndani husimama wima na kuonekana zima. Pumzika dakika 5 kila baada ya dakika 45, ukiwa umesimama au umeegemea, na unywe maji kabla ya kusikia kiu.

Katika sehemu hii utawasikia mbega kabla ya kuwaona, wakiguruma juu ya vilele vya miti, na huenda ukaona mzinga wa nyuki umetundikwa. Mzinga una mwenyewe. Pita mbali nao, bila manukato makali na bila kelele.

Nyati ndio wa kuwaogopa kwa kiasi. Mwongoza njia atasoma kinyesi na nyayo: kinyesi kinachong'aa na chenye joto kina maana mnyama yu karibu, na kundi zima hunyamaza na kukaa pamoja. Dume aliyejitenga na kundi ni hatari zaidi kuliko nyati kumi wanaolisha pamoja. Ukimwona mbali, simama, rudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo, na umwache apite. Akikimbilia upande wako, ingia nyuma ya mti mnene au upande juu yake, usikimbie njia iliyonyooka. Askari akisema kaa, kaa. Wanaokwenda haja waende wawili, wala wasitoke mbali na njia.

Njia inapolegea na mwanga kuongezeka mbele, umekaribia mgongo wa mlima. Vaa sweta hapo, kabla ya kutoka mitini, si baada ya upepo kukupata na jasho lako.

Juu

Kilele chenyewe kina vichaka, na mandhari bora hupatikana mahali penye uwazi kando ya mgongo wa mlima. Mwongoza njia ndiye anayejua palipo wazi mwaka huu. Upande wa kusini-mashariki ni Ziwa Naivasha, lililozungukwa na paa nyeupe za nyumba za maua, na nyuma yake Longonot, mita 2,776, unaoutazama kwa mara moja ukiwa umeuzidi kidogo kwa kimo. Moshi mweupe ulio kusini ni mvuke wa mitambo ya umeme ya Olkaria. Ukuta mrefu wa buluu mashariki ni Kinangop na milima ya Nyandarua. Ukigeukia kaskazini utaona Elementaita, ziwa dogo la magadi ambalo pamoja na Nakuru na Bogoria liliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2011, na kando yake kile kilima ambacho umbo lake hufanana na morani aliyelala chali. Mapema asubuhi mwanga uko upande wa Naivasha na ziwa hilo hung'aa mno kwa picha. Anza na Elementaita, kisha ungoje jua lipande.

Dakika 40 zinatosha. Kula chakula kikuu hapa, lakini acha theluthi ya maji na kitu cha sukari kwa ajili ya njia ya kurudi. Asiwepo anayekaa ukingoni mwa mteremko kwa ajili ya picha, na maganda ya mayai na ya ndizi yarudi mfukoni.

Kushuka

Majeruhi wengi wa njia za msituni hupatikana wakati wa kushuka, wakati akili imekwisha kusema kwamba kazi imeisha. Kaza kamba za viatu. Refusha fimbo, au ishike karibu na ncha yake ya juu ili iguse chini mbele yako kabla ya mguu. Magoti yawe yamepinda kidogo daima, kifua kielekee mbele badala ya kuegemea nyuma. Anayeegemea nyuma kwa woga ndiye kisigino chake hutangulia na kumwangusha kwa makalio. Mahali pakali kabisa geuka ubavu, shuka kwa hatua za kando, na pale ambapo hata hivyo hapashukiki, geuka uso ukutani na ushuke kama unavyoshuka ngazi ya mbao.

Achaneni mita 3 au 4 kati ya mtu na mtu, ili anayeteleza asimkumbe aliye chini yake, wala jiwe lililong'oka lisimkute mwenzake. Mwenye kuking'oa kitu apaze sauti, "Jiwe!" Mapaja yakianza kutetemeka, kaa chini dakika 10, ule ndizi, unywe maji, mtetemo ni mwili kukuambia kwamba hatua inayofuata haitakuwa na uhakika.

Mvua ikianza, vaa koti mara moja na mshuke kwa mwendo uleule. Radi ikisikika mkiwa bado juu, ondokeni kwenye mgongo wa mlima na msijikinge chini ya mti mmoja mrefu uliojitenga.

Kifundo kikiteguka, usivue kiatu upesi, kwa kuwa mguu utavimba na hautarudi ndani. Kifunge kwa bendeji juu ya kiatu, mpe aliyeumia fimbo mbili, na mzigo wake ugawanywe. Akishindwa kabisa kukanyaga, watu wawili wabaki naye, wamfunike, na mwongoza njia ashuke kutafuta msaada akiwa na maelezo yaliyoandikwa ya mahali na hali. Nambari za dharura ni 999 na 112. Mtandao ukikosekana bondeni, jaribu tena mahali palipoinuka. Filimbi mara sita kwa dakika, kisha kimya cha dakika moja, ni wito wa msaada unaoeleweka kote milimani.

Langoni, fungeni kitabu kwa kuandika saa ya kurudi, vinginevyo askari watatoka usiku kuwatafuta watu waliokwisha kufika Gilgil. Mlipe mwongoza njia kilichobaki pale pale, kwa M-Pesa, na asubiri ujumbe uingie. Badilisha soksi na shati kabla ya kupanda gari, kagua kupe nyuma ya magoti na kiunoni, na ikiwa unaelekea Kisumu, lala Nakuru usiku huo, kwa sababu barabara ya Kericho ina ukungu na malori, na dereva aliyepanda mlima tangu saa moja asubuhi hafai kuishika.